Cha Mvunguni

Wifi hachaguliwi. Unaamka siku moja, kaka yako amekuletea. Huyu wa Kimya alikuja na cheti chake cha kidato cha nne kwenye fremu ya kioo, akakitundika sebuleni pale ambapo wenzake hutundika picha ya harusi. Mgeni akiingia, kabla hajakaribishwa kiti, macho yake yanagongana na alama za wifi.

Kimya mwenyewe aliishia darasa la saba. Jina hilo alipewa na marehemu mama yake, kwa kuwa tangu utoto alikuwa mtu wa kutazama. Ungeweza kumsahau kwenye kona asubuhi, ukamkuta jioni pale pale, anajua kila aliyepita na alichobeba. Aliishi kwa kaka yake, chumba cha nyuma, pamoja na gunia la mkaa na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Kazi alipata kwa mkono wa wifi, na wifi hakuacha jua lizame bila kumkumbusha.

"Nani kakupa kazi?"

"Wewe, wifi."

"Basi sugua na hiyo sufuria."

Kazi ilikuwa hotelini. Hoteli ya ghorofa moja juu, vyumba tisa chini, tisa juu, ngazi zilizochakaa katikati kwa miguu ya watu, na harufu ya sabuni ya unga iliyoingia mpaka kwenye mkate wa wageni. Wifi alikuwa msimamizi wa wahudumu wa vyumba. Shada la funguo lilimning'inia kiunoni, na alipotembea lilimtangulia kwa kelele, kwa hiyo wahudumu walipata nafasi ya kuinuka kabla hajawafikia.

Miaka ya nyuma wageni wawili waliwahi kugombania mwavuli mmoja mpaka wakavunjiana miwani. Tangu siku hiyo mwenye hoteli, mjane mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Mama Mwenyewe, aliweka utaratibu. Chochote mgeni alichosahau kiandikwe kwenye daftari: tarehe, namba ya chumba, ni kitu gani, na kilikutwa wapi hasa. Mgeni akipiga simu kukidai, asiambiwe lolote mpaka aseme mwenyewe alikiacha wapi. Maneno yake yakilingana na ya daftari, anatumiwa. Yasipolingana, kinabaki kabatini. Kikimaliza miezi mitatu bila mwenyewe, msimamizi anakigawa kwa wafanyakazi.

Ulikuwa utaratibu mzuri. Haukuwa na tundu hata moja, ila lile la kupitisha kalamu.

Mwaka huu likaongezeka jambo. Wageni wengi walikuwa wa kutoka nje, na karani wa mapokezi, bwana mmoja wa tai fupi, alichoka kutafsiri. Mama Mwenyewe akawakusanya wahudumu wote ukumbini akawaambia daftari sasa litaandikwa Kiingereza, kila mtu aandike alichookota mwenyewe, na msimamizi asahihishe.

"Tarehe thelathini nitakaa nalo mimi," alisema, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. "Ambaye kurasa zake zimejaa wino mwekundu ataniachia sare yangu. Wenye vyeti wamejaa hapo getini."

Kimya aliitazama sare yake. Bila hiyo hakuwa na kazi, na bila kazi wifi asingemvumilia hata wiki ndani ya nyumba. Kaka mtu angekohoa, angekunja gazeti, angekubali.

Wifi alianza masomo siku hiyo hiyo, saa ya chakula, kwenye chumba cha kupigia pasi. Wahudumu walikaa juu ya mafurushi ya shuka. Pembeni Mama Pasi, mwanamke mnene mwenye mikono ya fundi chuma, aliendelea kupiga foronya kana kwamba hakuna anayesema.

"Kiingereza kina adabu," wifi alisema. "Si kama nyie mnavyotupia hiyo -ni kila mahali. Mezani, kitandani, mlangoni. Mwingereza ana in, ana on, ana at, kila moja na kiti chake. Ukikosea tu, mgeni anajua papo hapo kwamba shuka lake limetandikwa na mtu wa la saba."

Wote walicheka. Hakuna aliyeuliza wa la saba ni nani.

"Sasa msinichoshe. Ukiokota kitu, andika: on the table. Semeni."

"On the table!"

"Haina kosa, haina aibu. Na mgeni naye anajisikia mtu, hakuacha vitu vyake ovyo."

Kimya aliinua mkono. "Na kama nimekikuta kabatini?"

"Kikifika kwangu unakiweka wapi?"

"Mezani kwako."

"On the table," wifi akasema, na mafurushi ya shuka yakatikisika kwa kicheko.

Mwisho wa wiki hiyo vikagawiwa vitu vilivyomaliza miezi mitatu. Msimamizi ndiye aligawa, na mgawaji hajawahi kulala njaa. Wifi alijipa mtandio wa hariri wa rangi ya zambarau, saa ya mezani inayong'aa namba, na chupa ya manukato isiyofunguliwa. Wengine walipata mafuta nusu, soksi, mwavuli wenye ubavu mmoja uliovunjika. Kimya alipata kijitabu cha watoto.

"Chukua, wifi yangu," alisema wifi. "Hiki ni saizi yako."

Kilikuwa na kurasa kumi na mbili za karatasi ngumu. Kila ukurasa ulikuwa na sanduku la bluu na mpira mwekundu, na chini yake neno. Mpira juu ya sanduku: on. Mpira ndani ya sanduku: in. Mpira chini yake: under. Kimya alikitia mfuko wa aproni akapanda nacho ghorofani.

Huko ndiko alikojifunzia, kwa mwili mzima. Alipopiga magoti kufagia chini ya kitanda alisema under mpaka vumbi likamwingia kinywani. Alipotandika foronya alisema on. Alipofungua droo, in. Alipobanwa kati ya kabati na dirisha akifuta kioo alisema between, na neno hilo alilipenda kwa sababu lilikuwa refu na jembamba kama nafasi yenyewe. At ilimsumbua. Ukurasa wake ulionyesha mpira umesimama karibu na mlango wa sanduku, haumo, hauko juu, upo upo tu. Mwishowe Kimya akaamua kwamba at ni kama karani wa mapokezi: yupo kazini, lakini huwezi kusema anafanya nini.

Alimweleza Mama Pasi. Mama Pasi alitema tone la mate kwenye pasi kuisikiliza inavyolia.

"Wana maneno mengi ya mahali, eh? Na sisi tunayo. Mwambie huyo Mwingereza wako akupe neno moja tu la mahali pale chini ya kitanda."

Kimya alifikiri. "Under the bed."

"Hayo matatu. Sisi tunasema mvunguni, tumemaliza. Na tena tunajua anayetaka cha mvunguni afanyeje. Wifi yako huyo, miaka sita namjua, sijaona goti lake likigusa sakafu."

Siku ya tatu Kimya alifika ukurasa wa saba. Mpira ulijificha nyuma ya sanduku, unaonekana nusu. Behind. Alikuwa chumba namba kumi, nyuma ya mlango, anafuta kile kigoe cha kutundikia nguo, na alipolitamka neno hilo kwa sauti mkono wake ukasimama.

Alikuwa amewahi kulisikia. Miezi miwili nyuma, alikuwa akipiga deki ukumbini karani alipokuwa kwenye simu. "Behind the door?" karani alisema. "No, madam. Sorry. No." Akakata. Kesho yake yule mama akapiga tena, na karani akajibu vile vile, amechoka zaidi.

Na ule mtandio wa zambarau, nani aliuokota? Kimya mwenyewe. Wapi? Hapa, kwenye kigoe hiki, nyuma ya mlango. Wakati huo msimamizi ndiye aliyeandika daftari; akaupeleka kwa wifi, na wifi akaandika ulikuwa mezani.

Jioni alirudi nyumbani akaangalia sebule kama mtu aliyeingia hapo mara ya kwanza. Saa inayong'aa. Manukato kwenye rafu, chini ya cheti. Mkoba wa ngozi. Mto wa shingo wa wasafiri, ambao kaka yake alikuwa ameegemea akisoma gazeti. Vyote vilikaa kwenye meza au kuizunguka, ile meza ya mbao nyekundu ambayo nayo ilitoka hotelini, chumba kumi na nne, baada ya mgeni mmoja kuikalia na mguu ukavunjika. Wifi aliiomba kwa Mama Mwenyewe badala ya kuchomwa, kaka akaukata ule mguu akaunganisha, ukawa mfupi. Meza ilitikisika mtu akipiga chafya.

Wifi alikuwa mbele ya kioo, mtandio begani.

"Unaangalia nini?"

"Mtandio wako mzuri, wifi."

"Najua." Alijigeuza ubavu. "Mwenyewe hakuutaka."

Kimya angemwambia nani? Kwa Mama Mwenyewe kulikuwa na mlango wa kubisha, na ukiulizwa unajua nini, wewe wa la saba, dhidi ya fremu ya kioo, unajibu nini? Tena chakula chake kilipikwa kwenye sufuria ya mtu huyo huyo. Lakini mkono wake ulikuwa wake. Kesho yake aliokota miwani bafuni, akaenda kwenye daftari akaandika pole pole, ulimi nje: In the bathroom, behind the tap.

Wifi alilisoma mbele ya wote. Akachukua rula, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja ulionyooka katikati ya maneno ya Kimya. Juu yake akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: On the table.

"Shuleni tulifundishwa, kosa halifutwi kwa kuchorachora kama kuku," alisema. "Mstari mmoja, rula. Angalau jifunze usafi."

"Lakini ilikuwa nyuma ya bomba."

"Umeniuliza ilikuwa wapi, au umeniuliza Kiingereza?"

Basi ikawa ndiyo hali. Kimya aliandika Under the pillow, rula ikapita. Aliandika In the drawer, rula ikapita. Kitu kimoja kidogo kama punje ya harage, chenye waya mfupi na kijitundu, alikiona alipovuta kitanda cha chumba kumi na nne kufagia. Hakujua ni cha nini. Akaandika Small thing, akaandika na mahali: Between the bed and the wall. Wifi alicheka mpaka funguo zikalia.

"Small thing! Mgeni anapiga simu: hallo, nimepoteza small thing!" Akairekebisha hiyo, hearing aid, kifaa cha kusaidia sikio, kwa maana karani alikijua kifaa chenyewe. Kisha rula, na juu yake: On the table.

Kurasa za wahudumu wengine zilikuwa safi kama shuka. Wote waliandika on the table kuanzia juu hadi chini, na hakuna tone jekundu. Za Kimya zilionekana kama mtu amechinjia hapo.

Tarehe ishirini na sita mdogo wake wifi alikuja hotelini, na cheti chake ndani ya bahasha. Wifi alimsimamisha mgongo kwa mgongo na Kimya, mbele ya watu, akapima mabega kwa shubiri.

"Inamtosha. Tutapunguza kidogo kiunoni tu. Wifi, hiyo aproni usiitie jiki sana, ni ya watu."

Jioni, nyumbani, alibadilisha sauti. Hata nyama alimwekea Kimya kipande chenye mfupa wa maana.

"Mimi si adui yako. Siku nne zimebaki. Andika on the table kama wenzako, yaishe. Kwa nini unajifanya unakijua Kiingereza kuliko mimi?"

"Sikijui kuliko wewe."

"Sasa?"

Kimya alitafuna. "Mimi huwa nimekishika kile kitu kabla sijakiandika."

Wifi alinyanyua sahani ya Kimya kabla hajamaliza, akaipeleka jikoni, mfupa na vyote. Kaka mtu alikohoa, akakunja gazeti.

Kesho yake Kimya aliokota hereni droo ya chini, akasimama mbele ya daftari muda mrefu. Aliifikiria ile aproni mabegani mwa yule msichana. Akaandika On the table. Wifi alipopita akaisoma, akampigapiga mgongo kama mtu anayemtuliza ng'ombe. "Ehee. Umeona? Kumbe una akili." Kabla ya kutoka kazini Kimya alichukua rula mwenyewe, akapiga mstari mmoja ulionyooka, akaandika In the drawer.

Wifi aliuona mstari huo asubuhi. Hakupaza sauti. Alimsogelea Kimya ngazini, akanong'ona, "Kesho kutwa utalala kwa nani?"

Ilikuwa tarehe ishirini na tisa, saa nne hivi asubuhi, sauti ilipolipuka mapokezi. Kimya alikuwa katikati ya ngazi na ndoo. Mzee mmoja mgeni, mrefu, mwenye begi mgongoni, alikuwa amemwinamia karani na kuongea kwa nguvu kama watu wanavyoongea kuvuka bonde. Alikuwa amelala chumba kumi na nne wiki mbili zilizopita. Alikuwa ameandika barua pepe mbili akajibiwa hapana. Sasa yuko njiani kurudi kwao, amepita mwenyewe. Anataka kifaa cha sikio lake.

Karani alifungua daftari, akalifunika kwa mkono. "Where did you leave it, sir?"

"Eh?"

"WHERE!"

Mzee alisema kilianguka. Alikuwa amekivua usiku, kikamteleza mkononi asubuhi, na akakisikia kikianguka kwa sikio lile jingine. Alijaribu kukifikia, mkono haukupita, na teksi inapiga honi nje. Akaonyesha kwa viganja viwili, kiganja kitanda, kiganja ukuta. "Between," alisema. "Between the bed and the wall."

Neno lile refu na jembamba. Kimya aliweka ndoo chini.

Karani alisoma. "Sorry, sir. The book says on the table."

"There was no table!" mzee alinguruma, na mlango wa ofisi ukafunguka.

Mama Mwenyewe alitoka na kikombe mkononi. Nyuma, kutoka chumba cha pasi, funguo zililia, na wifi naye akafika akifunga kifungo cha juu cha blauzi. Mama Pasi alimfuata hadi mlangoni, akasimama na pasi yake kama amekuja nayo kutembea.

"Kuna nini?"

"Maneno hayalingani, Mama," wifi alisema. "Utaratibu ni utaratibu. Yeye anasema vingine, daftari linasema vingine."

Mama Mwenyewe alitia miwani, akavuta daftari, akalisoma. Akaliinua karibu na dirisha.

Mstari mwekundu ulikuwa mwembamba, umenyooka, safi. Kila herufi iliyokuwa chini yake ilisomeka.

"Between the bed and the wall," Mama Mwenyewe akasoma. "Nani kaandika hili lililokatwa?"

Karani alionyesha kwa kidevu. Watu wote waligeukia ngazini.

"Huyo, Mama," wifi alisema haraka. "Ni wifi yangu, nilimsaidia tu kwa undugu, la saba huyo. Kiingereza hajui. Ndiyo maana namsahihisha, usije ukaaibika."

"Kosa lake hapa ni lipi?"

"Mama?"

"Nakuuliza. Umelikata kwa rula. Kosa ni lipi?"

Wifi alikifunga tena kile kifungo cha juu. Mzee mgeni aliwatazama mmoja mmoja, mkono nyuma ya sikio.

"Sisi tunaandika on the table, Mama. Kwa adabu. Wote tunaandika hivyo."

"Chumba kumi na nne," Mama Mwenyewe alisema pole pole, "hakina meza. Meza yake ilivunjika mguu. Nilimpa mtu."

Kisha Mama Pasi, bila kumtazama yeyote, akaiuliza pasi yake:

"Kwani on the table ni ile ya nyumbani kwa mtu?"

Karani alikohoa ndani ya tai. Mama Mwenyewe alifungua kabati, akatoa kifaa, akampa mzee. Mzee alikipachika, akakisokota, akashtuka. Alisema kwa sauti ndogo, ya kawaida kabisa, kwamba asante, na kwamba hakuna haja tena ya kupiga kelele. Akaenda zake.

Mama Mwenyewe aliingia ofisini na daftari, akafunga mlango. Alikaa nalo mpaka saa tisa. Karani alisema alimsikia akifungua kurasa nyuma, na nyuma zaidi, na mara mbili alipiga simu nje ya nchi. Kisha akawaita wawili wale.

"Lete funguo," alimwambia wifi. Wifi alizifungua kiunoni, na kwa mara ya kwanza alisimama bila kelele. "Kesho utaanza vyumba vya chini, tisa, ndoo yako iko kwa Mama Pasi. Mtandio na saa ya watu, uje navyo. Vingine nimeviandika hapa, utavikuta kwenye orodha."

"Mama, mimi Kiingereza changu..."

"Kiingereza chako kizuri sana. Hakuna mahali kimekosea katika daftari zima. Ndicho kinachonitisha."

Kisha akamgeukia Kimya, na Kimya, aliyekuwa ameanza kuhisi mabega yake yanashuka, akakuta macho yale yale.

"Na wewe usitabasamu. Umeyaona haya tangu lini?"

"Karibu wiki tatu, Mama."

"Wiki tatu unapita mlango huu na ndoo. Mdomo umefungwa na nani?" Kimya alikunja pindo la aproni. "Sare baki nayo. Daftari utaandika wewe, la juu na la chini, na kila kitu ukiandike ukiwa umesimama pale pale ulipokikuta. Bathroom umeikosea herufi mara tatu. Hiyo nitaikata mimi. Tokeni."

Nje, wifi hakungoja. Alikwenda nyumbani bila kubadilisha viatu. Kimya alimaliza vyumba vyake, akaosha matambara, akaaga, na Mama Pasi akamwambia maneno mawili tu: "Nina kitanda." Kwa hiyo Mama Pasi alikuwa ameshajua Kimya halali tena kwa wifi.

Jua lilikuwa bado linachoma bati Kimya alipofika. Mfuko wake wa nguo ulikuwa nje ya mlango, umefungwa kwa mkanda wa baiskeli. Ndani ya nyumba meza ilionekana, chakula cha jioni kimepangwa, watu wawili, sahani mbili. Kaka yake alikuwa na gazeti usoni, na lile gazeti lilikuwa la wiki iliyopita.

Kimya alifungua mfuko, akapekua. Nguo zote zilikuwepo. Viatu vilikuwepo.

"Kijitabu changu kiko wapi?"

Wifi hakugeuka. Alikuwa akijipakulia mchuzi, mtandio wa zambarau bado begani, kwa siku hiyo ya mwisho.

"On the table," alisema.

Kimya aliingia. Alitazama meza. Palikuwa na bakuli la mchuzi limejaa, saa inayong'aa, jagi la maji, kijiko cha mbao. Wifi alikuwa akimtazama sasa, kwa raha, kama mtu aliyemwekea paka sahani tupu. Meza ilikuwa imetulia. Kimya alilitambua hilo kabla hajajua anatambua nini. Ile meza iliyotikisika kwa chafya ilikuwa imekaa tuli kama jiwe.

Aliinama. Akapiga magoti kwenye sakafu ya wifi yake, akaingiza kichwa chini ya kitambaa. Kilikuwa hapo, kimekunjwa mara mbili, chini ya ule mguu mfupi, mpira mwekundu ukichungulia pembeni.

"Acha," wifi alisema juu. "We! Acha, nakwambia! Kaka yako anakula!"

Kimya alishika mguu wa meza kwa mkono mmoja, akauinua kidogo, kiasi cha unene wa kurasa kumi na mbili, akakivuta kijitabu. Kisha akauachia.

Alikuwa ameshafika mlangoni, mfuko begani, aliposikia bakuli linateleza, na saa, na jagi, na wifi akiliita jina la Kimya kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuliita nayo. Hakugeuka kuangalia mchuzi uliishia wapi.